Mgeni wa Kilimanjaro Anunue Siku Kabla ya Buti

Kila ifikapo Agosti, marafiki wanaotaka kusimama kileleni Kilimanjaro tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, huanza kunipigia simu, na karibu wote huniuliza kuhusu buti, koti na mazoezi ya kukimbia. Ni maswali ya haki, lakini naamini kwamba mtu anayepanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza anapaswa kuanza na swali jingine: atakaa mlimani siku ngapi?

Mara yangu ya kwanza nilipita njia ya Marangu kwa siku tano, baada ya kukimbia ufukweni Dar es Salaam kwa miezi minne mfululizo. Nililala kambi ya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, kesho yake Horombo, 3,700, na siku ya tatu nikafika Kibo, 4,700. Kichwa kilianza kuniuma nikiwa Horombo, nami nikanyamaza kwa kuhofia kwamba mwongozaji angenirudisha. Usiku wa manane, tulipoanza kupanda ule mwinuko wa changarawe, nilikuwa nimekwisha kutapika mara mbili. Sikufika hata Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ingawa miguu yangu haikuwa imechoka kabisa.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Hewa ya kileleni, mita 5,895, ina oksijeni ya asilimia 21 hivi kama hewa ya pwani. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule juu ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, kisha figo hurekebisha kemikali za damu ili upumuaji huo uweze kuendelea, na kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa, hata kwa mtu mwenye misuli ya mwanariadha. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Mimi nilipanda mita 1,000 kila usiku.

Anayepita Marangu basi aongeze angalau siku ya sita, atembee kutoka Horombo hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari iliyo juu zaidi, kisha arudi kulala Horombo palepale. Mwenye uwezo achague njia ndefu zaidi, Lemosho, ya siku nane. Najua kwamba kila siku ya ziada ina gharama ya chakula na ujira wa wagumu, watu wanaobeba hadi kilo 20 za mizigo yetu na ambao hatupaswi kuwapunja, lakini viingilio vya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya wageni. Fedha ya kuongeza siku inaweza kupatikana kwenye vifaa: koti zito, glavu na suruali za baridi hupatikana kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, na mfuko wa kulalia hukodishwa. Buti tu ndizo zivaliwe mapema, wiki nyingi kabla ya safari, zikazoee mguu.

Mazoezi pia yana nafasi yake, hasa kutembea saa nyingi kwenye miinuko ya Uluguru au Usambara ukiwa na begi mgongoni. Zoezi bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Mlima Meru, unaozidi mita 4,500, kwa sababu huko utajua jinsi mwili wako unavyopokea hewa nyepesi.

Ninalosisitiza zaidi ni kusema kweli. Maumivu ya kichwa yasifichwe, na mtu anayepepesuka, anayechanganyikiwa au anayehema akiwa amekaa ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Miaka miwili baadaye nilirudi kwa njia ya Lemosho. Kichwa kiliniuma tena nilipofika Lava Tower, mwamba mkubwa ulio kwenye njia hiyo, nikamwambia mwongozaji papo hapo. Akanipa maji, akapunguza mwendo, na jioni, tulipokuwa tumeshuka hadi kambi ya Barranco, maumivu yalikwisha. Siku tatu baada ya hapo nilisimama Stella Point, ukingoni mwa kreta, jua likichomoza upande wa Mawenzi, nikiwa na pumzi ya kutosha kuendelea hadi kilele cha Uhuru.