Mbao mbichi ndiyo inayotuharibia soko

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tisa, simu iliita nikiwa uani napiga msasa upawa. Alikuwa mzee mmoja wa Dodoma, mstaafu, ambaye miezi minne kabla ya hapo alikuja Tanga kwenye msiba na akanunua kwangu bao la kete. Tulisalimiana kwa kirefu, akaulizia watoto, akaulizia mvua, ndipo akasema, "Kijana wangu, lile bao limepasuka." Akanitumia picha. Ufa ulianzia kichwani mwa ubao, ukafuata mstari wa mashimo ya mbele mpaka kwenye lile shimo la pekee tunaloliita nyumba. Kete ingeweza kupenya hapo ikaangukia upande wa pili.

Kilichoniumiza zaidi ni swali lililofuata. "Au mimi ndiye nimeliweka mahali pabaya, mwanangu?"

Hakuliweka mahali pabaya. Bao lile lilikuwa la mwembe uliokatwa mwezi wa pili, ukapasuliwa mbao mwezi wa tatu, nami nikauchonga mwezi wa tano, masika yakiwa bado yananyesha. Nilijua ni mbichi. Vipande vilivyokuwa vikiruka kwenye patasi vilikuwa vizito na baridi mkononi, na asubuhi nilikuta patasi imeanza kutu mahali ilipogusana na mti. Nilijua, nikapaka vanishi, nikauza, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Nilimrudishia fedha yake yote pamoja na nauli ya mzigo, lakini ile aibu haikurudi na fedha.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja kuhusu kazi hii yetu ya kuchonga vitu nyumbani na kuuza, na msimamo huo umenigombanisha na rafiki zangu kadhaa. Tunalaumu plastiki kutoka nje. Tunalaumu wateja wanaouliza "bei ya mwisho ngapi?" kabla hawajagusa bidhaa. Mimi nasema adui mkubwa yuko ndani ya karakana zetu wenyewe, naye ni mbao mbichi. Mama aliyenunua kibao cha kukatia nyama kikapinda mithili ya ganda la mgomba ndani ya mwezi mmoja hatarudi kwako, na atamwambia jirani yake anunue cha plastiki. Plastiki haijamshawishi mama huyo. Sisi ndio tuliomsukuma.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya mti, maana nimekutana na mafundi wenye miaka kumi kazini wanaodhani mbao hupasuka kwa bahati mbaya. Mti ulio hai umejaa maji. Ukishaukata, yanayotoka kwanza ni yale yaliyomo kwenye matundu yake, na katika hatua hiyo ubao unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Kazi inaanza pale yanapotoka maji yaliyonywewa na kuta zenyewe za nyuzi. Hapo mti unanywea. Na haunywei sawasawa kila upande: kwa urefu karibu haupungui kabisa, kutoka nje kuelekea moyoni hupungua kidogo, na kwa kufuata mzunguko wa zile pete zinazoonekana gogo likikatwa, hupungua karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu kipande kilichobaki na moyo wa gogo ndani yake lazima kipasuke. Mzunguko unataka kujikaza kuliko moyo unavyoruhusu, na pasipo nafasi, patafunguka penyewe.

Zaidi ya hapo, ubao hauna siku ambayo umekauka ukamaliza. Unafuata hewa ya mahali ulipo. Hapa Tanga tunavuta unyevu wa bahari mwaka mzima; Dodoma ukiingia kiangazi, hata midomo ya watu inapasuka. Ubao uliokauka barabara kwa hewa ya Tanga utaendelea kunywea ukifika kule. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili bila kipimo chochote. Tazama fremu ya mlango uliotengenezwa vizuri: ule ubao wa katikati umechomekwa kwenye mfereji na haukupigwa gundi, ili uweze kutanuka na kunywea utakavyo. Siku hizi tunagundisha kila kitu, tunakaza kwa skrubu pande zote, halafu tunashangaa.

Wengine husema kosa ni la mti, kwamba mwembe haufai. Wachongaji wa Mombasa na Malindi wamechonga mwembe na mwarobaini kwa miaka mingi tangu muhugu, mti waliouzoea, ulipoanza kuadimika, na kazi zao zimevuka bahari. Mwembe haujawahi kumkosea mtu aliyeusubiri. Una udhaifu wake, nakubali: ukichelewa kuupasua unaingia ukungu wa bluu, na ile sehemu nyeupe ya nje inapendwa na bungua, utakuta vumbi kama unga chini ya rafu. Lakini hayo yanatibika kwa kupasua gogo mapema na kuzipanga mbao mahali penye hewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mpingo. Mti huu unachukua makumi ya miaka kufikia unene wa kuvunwa, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na unatoka kwetu, Lindi na Kilwa huko. Vipande vyake hupelekwa Ulaya kutengenezwa filimbi za klarineti na oboe. Wale watengenezaji hawavitoboi vikifika. Wanaviweka rafuni, wanavigeuza, wanasubiri kwa miaka, na kipande kinachopasuka wakati wa kungoja hukitupa bila kukionea huruma. Filimbi moja inauzwa kwa fedha ambayo mimi sijawahi kuishika kwa mkupuo. Mti ni wetu, subira ni yao, na sehemu kubwa ya bei inalipwa kwa subira.

Sasa semina za ujasiriamali. Nimehudhuria mbili. Tulifundishwa kupiga picha nzuri za simu, kuweka bidhaa kwenye stetasi ya WhatsApp, kuandika mchanganuo wa biashara, kukopa kununua mashine. Sina ugomvi na picha. Lakini kwa anayeanzia uani kwake, ushauri wa kununua mashine kwanza ni wa kumpoteza. Nimeona kijana amekopa akanunua plana na msumeno wa umeme, akawa na uwezo wa kutoa vibao ishirini kwa siku, vyote vibichi. Alichokipata ni kasi ya kuharibu jina lake. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri, ningemwambia anunue mabati sita na nguzo nne, ajenge banda la kukaushia.

Banda lenyewe halina utaalamu mkubwa. Mbao zisiguse ardhi. Kati ya tabaka na tabaka weka fito zenye unene mmoja, zikae juu kwa juu kwa mstari mmoja ili ubao usipinde. Upepo upite, jua na mvua visipige moja kwa moja. Vichwa vya mbao vipakwe rangi iliyobaki au nta, maana maji hutoka kwa kasi zaidi kichwani kuliko ubavuni, na nyufa nyingi huanzia huko. Kanuni ya zamani inasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa joto letu mara nyingi huwa chini ya hapo, ila mimi siamini kalenda, naamini mizani. Chukua kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito kwa penseli ubavuni mwake. Pima tena baada ya wiki, na tena. Siku uzito utakapoacha kushuka, mti umekwambia wenyewe.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nilikuwa nikilitoa mwenyewe: kodi ya nyumba haisubiri mwembe ukauke. Ni kweli, na simlaumu mtu mwenye njaa. Ila ipo kazi inayokubali mti mbichi, na tungeanzia hapo. Miko, pawa, vijiko. Vitu vyembamba vilivyochongwa kwa tezo na kisu vina nafasi ya kunywea bila kupasuka, na kwa kweli mti mbichi ni laini kuchonga. Chonga mwiko ukiwa mbichi, uuache mnene kidogo, uufukie ndani ya maranda yake mwenyewe kwenye gunia kwa wiki kadhaa ili ukauke taratibu, kisha uumalizie kwa kisu na msasa. Fedha ya miko ndiyo iliyolisha nyumba yangu wakati rundo langu la kwanza linakauka. Na kila mwezi, hata ubao mmoja, weka bandani usahau. Baada ya mwaka unakuwa na mbao kavu kila mwezi, na hapo ndipo uanze vibao, masinia, mbuzi za nazi, mabao.

Nunua penye risiti, vilevile. Bandani kwangu nina mabaki ya mtiki niliyonunua kwa mtu anayepata magogo yake kihalali kutoka shamba la Longuza kule Muheza, na risiti zake nazitunza kwenye kopo. Mteja makini siku hizi anauliza mti umetoka wapi, na ni haki yake.

Halafu bei. Tunahesabu mbao, msasa, gundi, labda umeme, halafu tunajiongezea kidogo tunaita faida. Saa zetu hatuzihesabu. Kusubiri ndiyo kabisa. Kibao changu cha mtiki cha sentimita 30 kwa 20 kinanichukua saa mbili na nusu za mkono. Nimejiwekea shilingi 3,000 kwa saa, mbao ni 6,000, msasa, gundi na mafuta 2,500. Hapo tayari ni 16,000. Naongeza 4,000 za banda, yaani za mwaka ule ambao fedha yangu ililala kwenye mbao na za vipande vilivyopinda nikavitia jikoni. Nauza 20,000. Mtu akiniambia sokoni kipo cha 8,000 sibishani naye. Namgeuzia kibao nyuma, anaona nimeandika kwa penseli: mti gani, mwezi uliopasuliwa, mwezi uliochongwa. Wengine wanaondoka. Wanaobaki hawaulizi tena bei ya mwisho. Natamani karakana zote za nyumbani zingeandika hizo tarehe, kwa sababu anayeuza mbichi angepata shida kuziandika.

Ipo tabia moja lazima niiseme. Ufa ukitokea kabla ya kuuza, fundi anachanganya unga wa mbao na gundi, anaziba, anapiga msasa, anapaka vanishi nzito. Kwenye picha huoni kitu. Huo ni udanganyifu. Vanishi yenyewe juu ya mbao mbichi hubabuka baadaye, na kwenye chombo cha chakula sioni kwa nini tuitumie. Mimi napaka mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa, si mafuta ya taa, nikiyachanganya na nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Mafuta ya kupikia nimeyaacha, yanachacha ndani ya mti na kibao kinaanza kunuka. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa pembeni, vinaweza kujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka moto. Vitandaze nje vikauke.

Yule mzee wa Dodoma hakutaka fedha tu, alitaka bao. Wenzake walikuwa wanamngoja barazani. Nikamwambia nitamchongea jingine, na nitalichonga kwa mwembe uleule, nijue kama kosa lilikuwa la mti au langu. Nilichagua ubao wa inchi mbili, usio na moyo wa gogo. Ulipoingia bandani ulikuwa na kilo 10. Ulikaa miezi kumi, ukashuka hadi 6 na nusu, ukasimama. Lingekuwa bao la kuuza Tanga, ningeuchonga siku hiyo. Lakini bao lilikuwa linakwenda Dodoma, kwa hiyo niliupakia kwenye basi kama ulivyo, haujatobolewa shimo hata moja, nikamwomba mzee ausimamishe kwenye korido yake na kuupeleka dukani kwa jirani kila Ijumaa ukapimwe.

Alifanya hivyo kwa wiki kumi na moja. Kila Ijumaa jioni ujumbe ulikuwa unaingia. Kilo 6 na gramu 450. Kilo 6 na gramu 380. Kilo 6 na gramu 320. Wiki moja alisahau, akanitumia Jumapili akiomba radhi. Kisha gramu 270, kisha gramu 250. Ijumaa iliyofuata akaandika, "Mwanangu, 250 tena. Njoo na patasi zako, utalala hapa hapa kwangu."

Nilikwenda. Nilichonga mashimo yote 32 chini ya mwarobaini uliopo nje ya nyumba yake, wazee wanne wakiwa wamekaa wananitazama, mmoja ameshika mfuko wa komwe mapajani.