Fimbo Iliyobatizwa

Aliyeniuzia ile fimbo ya pool aliapa kwamba imetumika kidogo. Kidogo chake sijui kilikuwa cha miaka mingapi, maana jasho na chaki ya bluu vilikuwa vimegandana kwenye kipande cha mbele, na kila nikiisukuma vidoleni inanata kama mkono wa mtoto aliyekula embe.

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi yangu pale Majengo, nikaamua kuisafisha. Mwenye akili angeuliza kwanza. Mimi nilichukua beseni.

Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, nikailoweka kama kola za mashati, nikaenda kunywa chai. Niliporudi maji yamekuwa ya bluu, nikafurahi kweli. Nikaianika juu ya bati. Na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua, halikaushi, linakaanga.

Jioni naishusha, mbao imesimamisha vinyweleo mwili mzima. Nikaazima msasa kwa jirani anayepaka rangi mageti, namba 80, ule mkali wa kukwangua. Nikasugua kwa hasira mpaka unga ukajaa mapajani. Ikalainika, tatizo ikaota na kiuno.

Jumamosi nikaibingirisha mezani. Fimbo iliyonyooka hubingirika kimya. Yangu ilichechemea: tak, tak, tak. Nikajifanya sijasikia. Nikapaka chaki, nikainama, nikapiga kwa nguvu zote.

Mpira mweupe ukatikisika kidogo tu. Kilichoruka ni kile kingozi cha nchani, gundi yake ilishalewa maji tangu jana. Kikapaa, kikatua kwenye sahani ya chipsi mayai ya jamaa aliyekaa pembeni. Akakitazama. Akanitazama.

"Kaka, mimi nyama sikuagiza."

Mzee anayetengeneza meza za pale akaiomba fimbo, akaikagua kwa jicho moja kama anatafuta ndege kwenye bunduki.

"Mwanangu, umeifanya nini?"

"Nimeiosha, mzee."

"Umeiosha kwa nini?"

"Kwa beseni."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akanielekeza kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Kitambaa kilichokamuliwa mpaka karibu kikauke, pangusa, kausha papo hapo, maana mbao ikinywa maji inavimba na kupinda. Msasa uwe laini kabisa, namba 2000, tena mara moja moja, kupita urefu wa mbao bila kukandamiza, kwa sababu fimbo ambayo nchani ina unene wa milimita 12 au 13 tu haina nyama ya kutupa. Mwisho sugua haraka kwa kipande cha ngozi kavu mpaka mkono usikie joto. Hapo ndipo inapoteleza. Jua isilione.

Nikashukuru, nikadhani yameisha. Jumamosi iliyofuata nafika mlangoni, hata salamu sijatoa, sauti ikatoka kwenye meza ya nyuma:

"Mchungaji kaja! Leteni beseni!"