Watu wa Nairobi Wanapanga Nyumba, Serikali Inajenga za Kuuza

Mzee mmoja wa Kaloleni, mtaa wa nyumba za Kaunti huko Eastlands, Nairobi, anahifadhi risiti za kodi kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Za chini ziliandikwa kwa mkono na zina muhuri wa Baraza la Jiji, za juu zina jina la Kaunti ya Nairobi. Alinitolea moja moja, akazipanga mezani kwa tarehe, kisha akauliza: "Kijana wangu, wanasema tuhame wajenge ghorofa, halafu tutarudi. Nirudi kama nani?"

Wapangaji wa nyumba za Kaunti huko Eastlands wamepewa jina baya. Wanasemwa kuwa wamegandia nyumba za kodi ya bure na kukataa maendeleo. Nimekaa nao, na sijakutana na anayekataa ghorofa. Wanachokataa ni kutolewa wakiwa wapangaji na kurudishwa wakiwa wanunuzi.

Hoja za wanaotaka nyumba hizo zivunjwe, zijengwe ghorofa za kuuza, ni nzito. Ardhi ile ni ya umma, iko hatua chache kutoka katikati ya jiji, na imejaa nyumba fupi za enzi ya mkoloni katika jiji ambalo sensa ya 2019 ililihesabia watu karibu milioni 4.4. Pangani, mtaa mwingine wa Nairobi, mahali palipokuwa na kaya 48, mradi ni wa nyumba 1,562. Hesabu hiyo haina mjadala. Wapo pia wapangaji waliosimamisha vibanda vya mabati uani na kuvipangisha kwa bei ya soko, huku wenyewe wakidaiwa malimbikizo na Kaunti. Na ukiuza nyumba, pesa hurudi ikajenga nyingine. Ukiipangisha, lazima uitunze, na jiji hili limeshaonyesha linavyotunza: majitaka yanatiririka mlangoni, paa linavuja mwaka hadi mwaka, na mpangaji anajinunulia mabati mwenyewe.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wanaopanga bajeti wanalipita haraka mno. Nairobi, karibu kaya tisa katika kila kumi zinapanga. Si kwamba watu hawa hawajui faida ya kumiliki. Wengi wana boma Siaya, Machakos au Murang'a, na huko ndiko wanakojenga kidogo kidogo. Nairobi wamekuja kutafuta. Kazi ni za kibarua, leo ipo na kesho haipo, na kulipa nyumba kwa miaka mingi kunamtaka mtu anayejua mwezi ujao ataingiza nini. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inalijua hilo. Inaeleza kwamba nyumba ya bei nafuu ni ile isiyomgharimu mtu zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake ya mwezi kuipanga au kuinunua. Kuipanga ndiko kulikotajwa kwanza, lakini tukifika kwenye uzinduzi, funguo na hotuba, tunasikia kununua tu.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 30,000. Anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kama tozo ya kujengea nyumba za bei nafuu, yaani 450 kwa mwezi, na mwajiri wake anaongeza 450. Jumla 900. Bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, katika mradi wa Mukuru jijini, kule ambako funguo za kwanza zilitolewa Mei 2025, imewekewa bei ya 640,000. Ili makato ya mtu huyu na mwajiri wake yafikie bei ya bedsita hiyo moja, inahitajika miezi 711. Ni miaka 59. Hesabu hii hainitoki kichwani. Jasho la miaka 59 la mtu ambaye huenda asiipate nyumba yoyote linageuka mali ya familia moja. Ni kweli mnunuzi atarudisha pesa polepole, lakini mpangaji naye analipa kila mwezi, na akihama nyumba inabaki ya umma, anaingia mwingine mwenye shida ileile. Ikishauzwa, kesho Kaunti itaanza tena kutafuta ardhi, na ardhi ya Eastlands haitaongezeka.

Kibera ilitufunza. Mwaka 2016 nyumba 822 za ghorofa za Soweto Mashariki, Kibera, zilikabidhiwa wakazi wa mabanda. Baadhi yao walizipangisha kwa wenye uwezo zaidi, wakarudi kwenye mabanda. Watu waliwaita wasio na shukrani. Mimi naona walipiga hesabu ya jikoni: kodi anayopokea kwenye ghorofa, akitoa anayolipa kwenye banda, tofauti ndiyo unga na karo. Sheria ile ya 2024 inakataza kuuza nyumba za bei nafuu bila idhini ya Bodi inayozisimamia, na ni vizuri, ila katazo halimpi mtu mapato ya kukaa humo.

Kwa hiyo sisemi Eastlands isiguswe. Nasema mkataba wowote kati ya Kaunti, serikali kuu na mjenzi utaje kwa nambari nyumba zitakazobaki mali ya Kaunti, za kupangisha. Kodi yake iwekwe kwenye akaunti ya ukarabati peke yake, maana ikichanganywa na pesa za mishahara City Hall, makao ya Kaunti, tutarudi kwenye paa linalovuja. Gavana hawezi kusema hili ni la serikali kuu pekee. Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha nyumba miongoni mwa kazi za kaunti.

Yule mzee amehudhuria mikutano mitatu. Ameonyeshwa picha za ghorofa zenye lifti na miti, akaambiwa kaya yake itapewa kipaumbele. Mara zote tatu amenyoosha mkono kuuliza kodi itakuwa shilingi ngapi. Bado hajajibiwa.