Siku Niliyojitangaza Mzungu Mbele ya Mashine ya Chupa

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi, nisikilizeni na mimi. Mwenzangu wa chumba cha pili, mnamjua, yule mwenye sauti ya kutangaza mpira, ametuma dakika nne na nusu kwenye grupu letu la Waafrika Mashariki wa huku Bavaria, na kati ya hizo dakika tatu anacheka tu. Sasa mnamhukumu mtu kwa kicheko? Tangu juzi jina langu limepotea. Kila anayepiga simu anaanza na "shikamoo mzungu". Na wewe uliyeandika "mzungu kamili, nikopeshe", nimekuona, jibu ni hapana.

Nianze na njaa, maana yote yalitokea huko.

Mwezi huu nilituma hela nyumbani mapema. Mdogo wangu anaanza kidato cha kwanza, na Bibi alikuwa ameshanipigia mara tatu bila kutaja shida yoyote, akiulizia tu hali ya hewa. Wanaomjua Bibi wanajua. Amenilea tangu nikiwa na miaka sita na hajawahi kuniomba hata shilingi. Anauliza huko kwenu kuna baridi, basi, wewe mwenyewe unajiongeza. Nikajiongeza hadi akaunti ikabaki na senti 60. Posho yetu ya mafunzo ya uuguzi inaingia mwisho wa mwezi, siku nne mbele. Na ilikuwa Jumamosi jioni. Walioko huku wanaelewa uzito wa sentensi hiyo: ikifika saa mbili usiku duka limefungwa, Jumapili yote limelala, utaonana nalo Jumatatu ukiwa hai.

Dawa ilikuwa jikoni. Wenzetu wa ghorofa ya juu walikuwa na sherehe Ijumaa, wakaacha chupa za plastiki na makopo kama shamba lililopigwa na mvua ya mawe. Nilipouliza, wakasema chukua zote, utakuwa umetusaidia. Ujerumani kila chupa ya plastiki au kopo la kutumia mara moja lina amana ya senti 25, inaitwa Pfand, ipo tangu 2003. Si jambo geni. Sisi tumekulia humo humo: huna chupa tupu, soda unainywea pale pale dukani umesimama huku Mangi anakutolea macho. Hapa tofauti ni kwamba Mangi ni mashine.

Nikahesabu: chupa na makopo 86. Yuro 21 na senti 50. Nikasindilia kwenye lile begi langu la shangazi kaja nililotoka nalo nyumbani, ambalo kwa kweli ndiye shangazi pekee niliye naye Ulaya nzima.

Mwenzangu akaniuliza, "Nikusindikize nikakuonyeshe mashine?"

Hapo ndipo nilipojiponza. Mimi? Niliyejifulia sare tangu darasa la pili? Niliyejaza fomu za viza peke yangu, nikaenda ubalozini peke yangu, nikapanda ndege mara ya kwanza peke yangu huku nikimwangalia jirani kwa pembe ya jicho anafungaje mkanda? Leo nisindikizwe kurudisha chupa? Nikamwambia, "Dada, mimi nimejilea." Kauli hiyo anaitumia kwenye voisi, dakika ya kwanza, sekunde ya 20, kwa sauti ya puani. Siongei hivyo.

Mashine yenyewe haina shida, nisiisingizie. Ina tundu la mviringo, unaingiza chupa kitako kikitangulia, inaizungusha kama mtu anayesoma lebo ya dawa, halafu unaisikia inasagwa huko ndani, krrrch. Ikikuta chupa imepondeka inakurudishia kwa dharau. Nyuma yangu pakajipanga foleni: bibi mmoja wa Kijerumani mwenye kofia ya sufu na kikapu chenye chupa sita za bia, baba na mtoto mgongoni, vijana wawili. Chupa 86 si mchezo. Kwenye ya 50 nikasikia mtu anashusha pumzi. Nikajifanya kiziwi. Kila krrrch ilikuwa senti 25, na kichwani nilishanunua mchele, mayai, vitunguu, hata mafuta ya nywele.

Krrrch ya mwisho. Kioo kikaandika 21,50. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Bon". Kingine kina alama ya moyo, kimeandikwa "Spenden".

Sasa hapa naomba msinihukumu. Neno hilo nalijua. Blutspende, kuchangia damu, nimeliandika kwenye mtihani na nikapata maksi zote. Lakini mtu mwenye njaa ubongo wake haukai Ujerumani. Uliruka moja kwa moja hadi kwenye Kiingereza cha sekondari: "spend", tumia. Nikasema eeh, mimi nataka kutumia, tena sasa hivi. Na "Bon" nikaona ni mambo ya bonasi, wanataka nijisajili, nitoe barua pepe, wanisumbue maisha yangu yote. Sidanganyiki mimi. Nikabonyeza moyo.

Kioo kikabadilika. Wakatokea watoto wanne wanacheka, meno yote nje. "Danke!" Na chini, kwa maandishi madogo, kwamba mchango wako unawasaidia Waisenkinder.

Watoto yatima.

Nilisoma mara mbili. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza pembeni. Nikaupiga ubavu kama redio ya betri inayokwaruza. Wale watoto wanaendelea kucheka tu. Yuro 21 na nusu, chakula changu cha siku nne, zimekwenda kwa yatima, na yatima mwenyewe nimesimama hapa na shangazi kaja mtupu begani.

Nikamwona kijana wa dukani anapanga maji. Nikamwita. Akaja. Na hapa nataka twende polepole, maana ile voisi imeruka mambo mengi na mengine imeongeza.

Kwanza mfahamu kwamba neno la Kijerumani la yatima ni Waise. Linatamkwa "vaize", kwa Z inayonguruma kama nyuki. Nililijua kabla sijajua kuagiza mkate, maana kila fomu iliuliza baba, ikauliza mama. Mwalimu wangu wa lugha kule nyumbani alinisisitizia hiyo Z hadi mate yakamruka. Sasa huku kusini watu hawana habari na Z. Wanasema S kavu. Nami baada ya miezi mitano wodini na wazee wa hapa nimeshaokota lafudhi yao, na nilikuwa najivunia kweli, najiona mwenyeji. Tatizo ni kwamba Waise ukiitoa na S kavu inakuwa Weiße. Na Weiße, wapendwa wasomaji wangu, ni mwanamke mweupe. Mzungu.

Haya. Kijana amesimama. Foleni imekunja shingo. Mimi nimeshika kidole kwenye kioo, machozi yako karibu, na Kijerumani changu chote kimekimbia, imebaki sentensi moja. Nikaipaza, kwa lafudhi safi ya Bavaria:

"Ich bin auch Weiße!"

Mimi pia ni mzungu.

Yule kijana akatazama mashine. Akanitazama mimi. Mnaijua rangi yangu. Nikikaa kwenye picha ya usiku wananiuliza kwa nini nimepiga picha ya koti. Akasema taratibu, kama anavyoongeleshwa mtu aliyepanda juu ya paa, "Wie bitte?" Unasemaje?

Nikadhani hajasikia. Nikaongeza sauti. Nikajipiga kifua, pa, pa. "Hii ni pesa ya wazungu! Mimi ni mzungu! Kwa nini mimi mzungu nitoe, wakati natakiwa kupewa?"

Mtoto mgongoni kwa baba yake akaacha kunyonya kidole.

Yule bibi wa kofia, Mungu ambariki, akaona hapa pana mtu wa kusaidiwa. Akasogea, akanishika kiwiko, akauliza kwa upole wote wa dunia, "Halb?" Nusu?

Na mimi nikamwelewa! Yaani nikashukuru moyoni, nikasema angalau mmoja ananielewa. Kwa sababu Kijerumani kina Halbwaise, yatima wa upande mmoja, na Vollwaise, aliyefiwa na wote wawili. Nilijua mama wa watu anauliza kama mzazi mmoja yuko hai. Nikatikisa kichwa, nikamshika mkono, nikamwangalia machoni, na kwa huzuni yote niliyoibeba tangu nikiwa na miaka sita nikamjibu:

"Nein. Nicht halb. Voll."

Hapana. Si nusu. Kamili.

Akasema, "Aha." Akaniachia kiwiko.

Sijui kimya kile kilichukua muda gani. Nasikia friji za maziwa zinavuma. Kijana mmoja wa nyuma amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Na kwenye rafu ya maji, kati ya katoni mbili, nikaona macho mawili ninayoyafahamu: mwenzangu wa chumba cha pili, aliyenifuata kwa sababu nimechelewa, amekaa chini sakafuni, ameuma mkanda wa mkoba wake ili asipige kelele. Hakuja kunisaidia. Liandikeni hilo. Alikaa pale akanisikiliza nikijitangaza mzungu kamili na hakutoka. (Na si kweli kwamba nilimwambia yule bibi "hata wewe hunifikii". Hiyo ametunga.)

Nilipoona macho yale ndipo nilipojisikia. Nikarudisha sentensi kichwani, nikaisikiliza kwa masikio ya watu, nikataka lile tundu la mashine linivute, linizungushe, linisage. Nikatoa simu, nikaandika W-A-I-S-E, nikamwonyesha kijana. Akasoma. Akawatazama wale watoto wanne kwenye kioo. Akanigeukia, uso umebadilika, na bibi naye akachungulia, uso ukabadilika, na ile huruma ikaanza kusambaa kwenye foleni mtu baada ya mtu. Nawaambia ukweli, bora waliponiona kichaa. Kichaa nilikuwa nakimudu.

Yaliyofuata ni ya haraka. Msimamizi akaja, akasema pesa ikishakwenda imekwenda, akaomba radhi, mashine ikaendelea na wengine. Bibi akaingiza chupa zake sita za bia, za kioo hizo ni senti 8 moja, akabonyeza "Bon", kumbe ni risiti tu, kwa makusudi huku akinitazama ili nijifunze, karatasi ikatoka, akaniwekea kiganjani. Senti 48. Akasema, "Für die Waise." Kwa S kavu. Hadi leo sijui alisema kwa ajili ya yatima au kwa ajili ya mzungu, na sikuthubutu kuuliza.

Nikachanganya na zile 60 zangu, nikanunua tambi. Mwenzangu akatoa vitunguu, nyanya na mafuta, maana ana deni la kicheko, na tumekula kwake mpaka posho ilipoingia. Ndipo huku anapika, mgongo umenigeukia, akarekodi. Nilidhani anaongea na mama yake.

Wodini nimerudi kwenye Z. Jana nimemwuliza mzee mmoja kama supu ni moto kwa Z ya mwalimu wangu, mate yakamrukia yeye. Sijali.

Nilifikiri angalau habari itaishia huku huku. Binamu yangu, ambaye simfuti kwenye simu kwa heshima ya ukoo tu, amekaa na Bibi barazani akamchezea voisi yote, na kutafsiri. Simu ikaita leo asubuhi nikiwa navaa sare.

"Mke mwenzangu."

"Abee Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umekuwa mzungu."

"Bibi, ni lugha tu. Nilikuwa nasema yatima."

Akanyamaza kidogo.

"Nusu?"

"Bibi!"

Nikasikia anakohoa kile kikohozi chake ambacho si kikohozi, na nyuma yake binamu ameanguka na kiti. Alipomaliza akavuta pumzi, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya mama. Na hali ya hewa huko ikoje?"