Mnakuza Picha, Mnamkata Muuaji, Halafu Mnasema Haitishi

Kuna watu wawili sitaki kukaa nao karibu wakati wa picha ya kutisha. Wa kwanza ni yule ambaye kila mlango ukilia anasema "hapo sasa anatokea". Wa pili, na huyu ndiye hasa, ni yule anayekaa saa nzima na nusu kajifunika kanga mpaka puani, anachungulia kwenye matundu ya vidole, kisha taa zikiwashwa anajinyoosha, anapiga mwayo na kutoa hukumu: "Mbona haitishi?"

Haitishi! Bwana wewe, hiyo muvi umeiona saa ngapi?

Chukua Halloween ya mwaka 1978, bibi yao hawa wote wanaokimbizana na visu. Kila Oktoba vijana wanaishusha, wanaitia kwenye flashi, na kesho yake kijiwe kizima kinalalama: muuaji haonekani, anakuja kuchangamka dakika za mwisho. Haonekani wapi? Mwongozaji wake, John Carpenter, aliipiga kwa lenzi za picha pana, upana ni mara mbili na zaidi ya kimo, 2.35 kwa 1. Televisheni zetu za ukutani ni 16 kwa 9. Picha ikikaa inavyotakiwa, juu na chini panabaki mistari myeusi ambayo ukiijumlisha ni karibu robo ya kioo. Sasa mtu kanunua inchi 43 kwa kudunduliza, utamwambia nini akubali robo nzima ikae bure kama kiwanja cha mirathi? Anashika rimoti, anakuza picha, mistari inapotea, roho inatulia. Hajui kwamba alichokipata juu na chini kakilipia pembeni. Robo ya picha, nusu yake kushoto na nusu kulia, imetoka nje ya kioo. Na huko pembeni ndiko Carpenter anakopenda kumweka muuaji wake, Michael Myers: kwa mbali, kasimama kimya, kipande cha bega tu. Wewe umemkata muuaji kwa rimoti yako mwenyewe, halafu unamuuliza yuko wapi.

Wale wa enzi za televisheni ya mgongo ndio waliibiwa zaidi, maana kioo cha 4 kwa 3 kikijazwa namna hiyo kinameza zaidi ya asilimia 40 ya upana. Mzee aliyeona kanda yake miaka ile akisema haikumtisha, msameheni. Aliona nusu ya muvi.

Halafu njoo kwenye faili lenyewe. Dakika 91 zimebanwa mpaka zikawa megabaiti 300. Programu ya kubana ikitaka kuokoa nafasi inaanza kuiba kwenye giza, kwa sababu inaona giza ni rangi moja, hakuna atakayedai. Matokeo yake kona nyeusi inageuka vigae vya bafuni, miraba mikubwa mikubwa inayotetemeka. Mwishoni mwa muvi hiyo kuna mahali Laurie, yule binti anayewindwa, kaegemea kando ya mlango, amechoka, na nyuma ya bega lake kuna chumba cheusi tii. Ndani ya weusi ule kinyago cheupe kinajichomoza taratibu, kama mtu anayeinuka majini, kwa sababu mpiga picha alikuwa anaongeza mwanga wa taa moja kidogo kidogo. Ndiyo hirizi yote ya tukio. Kwenye megabaiti 300 hakuna cha taratibu: mraba mweusi, mraba mweusi, kisha pap, mraba mweupe. Hapo atatishika nani? Tafuta faili lisilopungua gigabaiti moja na nusu, rudisha picha kwenye umbo lake la asili, ondoa ile mipangilio ya rangi kali kali waliyoiacha dukani, na ufunge pazia, maana ukiangalia mchana wa jua kitakachoonekana kwenye kioo ni uso wako. Huo nao kweli unatisha, ila si kazi ya Carpenter.

Sauti ndiyo usiseme. Muvi za siku hizi zinachanganywa kwa spika sita, na maneno ya watu yanawekwa kwenye spika ya katikati. Televisheni yako ina spika mbili, tena zimeelekezwa ukutani. Faili la spika sita likiminywa humo, maneno yanazama. Wanong'onaji wananong'ona, husikii, unapandisha kutoka 15 mpaka 32. Ndipo wanapokunyamazia sekunde ishirini. Binti anafungua kabati la kioo la bafuni. Anachukua dawa. Analifunga. Kwenye kioo hamna mtu. Unashusha pumzi. Paka anaruka. Unacheka. Umecheka tu, ukiwa bado mdomo wazi, lile dude linakuja na fidla arobaini kwenye 32! Mtoto wa nyumba ya tatu anaamka analia, mbwa wanabweka, mama mwenye nyumba anagonga dirisha. Huyo paka wanamweka makusudi: mwili ukishajua hatari imepita ndipo unapopigika vizuri. Dawa yake ipo, ingia kwenye programu ya kuchezea uchague sauti ya spika mbili badala ya sita, au tafuta kwenye televisheni mpangilio wa usiku, ule unaopandisha minong'ono na kushusha kishindo. Lakini nani atasoma menyu wakati sabufa ipo na inataka kuonekana?

Kwenye kibanda umiza mambo ni mengine kabisa. Kule kuna mfasiri. Nawapenda wafasiri, wamelea kizazi, ila picha ya namna hii wanaiua kabla ya muuaji. Michael Myers akishavaa kinyago hasemi neno hata moja mpaka mwisho, na kutosema huko ndiko kunakotia baridi. Mfasiri hawezi kuvumilia, kalipwa aseme. Basi lijitu liko mlangoni na kisu, kimya kimetanda, mara unasikia: "Leo ndio leo, asemaye kesho muongo! Binti, umemkataa mjomba wangu?" Mjomba katoka wapi? Watu wanacheka mpaka benchi linaanguka, kisha wanatoka nje wanasema ilikuwa ya vichekesho. Na muziki nao kaufunika. Ule wimbo Carpenter aliutunga mwenyewe kwa mapigo matano, siyo manne. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki na ndiye aliyemfundisha mapigo hayo kwa ngoma za bongo, ndiyo, bongo, mnaweza kujisifu. Mguu wako umezoea nne, kila mzunguko linabaki moja linaning'inia, na mwili unakosa pa kutua. Unaogopa na hujui unaogopa nini, hesabu tu imekukataa.

Sasa malalamiko makubwa ya kijiwe: "Yule anatembea, steringi anakimbia, inakuwaje anamkuta?" Hili nakubali kidogo. Mtu mzima anatembea kama kilomita tano kwa saa. Binti aliyeogopa, hata kwa ndala, anafika kumi na mbili. Kwa dakika moja yeye kaenda mita 200, muuaji mita 83. Hata mtoto wa darasa la tano atakwambia hamkuti mtu hapo. Lakini mhariri hakuonyeshi hao wawili kwenye picha moja. Anakupa miguu ya binti, anakata, anakupa kinyago, anakata, anakupa mlango. Umbali unaujaza wewe mwenyewe kwa woga wako, na woga haupimi kwa futi.

Mwaka 2024 ikatoka ya Canada, In a Violent Nature, wakaamua kuwajibu watu wa swali hilo. Kamera imekaa mgongoni mwa muuaji, msituni Ontario, muziki wa kutisha hakuna, ndege wanalia, majani makavu yanakatika chini ya buti, na lijamaa linatembea. Linatembea. Linatembea tena. Mkaonyeshwa kabisa jinsi anavyofika: anaanza mapema na hapotezi muda kwenye simu. Kijiwe kikasemaje? "Mbona anatembea tu?" Nyie watu mnataka nini lakini?

Gari kutowaka pia mnalitukana bure, angalau kwa muvi za zamani. Gari la mwaka 1978 lina kabureta. Ndani yake mna pampu ndogo iliyofungwa kwenye pedeli ya mafuta, na kila ukikanyaga inachirizisha petroli mbichi, injini iwe imewaka au haijawaka. Binti kaingia anatetemeka, anakanyaga mara kumi huku anapiga stata. Plagi zimelowa chepe, cheche hazirukii kwenye maji ya petroli, gari linakohoa tu. Fundi yeyote wa chini ya mwembe angemwambia: kanyaga pedeli mpaka chini, ishikilie hapo hapo, usipampu, piga stata sekunde kumi ili hewa ikaushe plagi, pumzisha nusu dakika, rudia. Tatizo nusu dakika hiyo ndiyo anayoihitaji jamaa wa kilomita tano kwa saa. Ila muvi ya mwaka juzi, gari la sindano za mafuta na kompyuta, nalo likohoe vile vile? Hapo nakataa. Kwenye gari hilo pedeli haimwagi kitu mpaka kompyuta iruhusu. Wangesema betri imekufa, tungeelewana.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kisu. Turudi kwenye Halloween: Laurie kampiga jitu sindano ya kufumia shingoni, likaanguka, na kisu chake likaangusha. Akakiokota? Akakiokota, halafu akakitupa chini. Likaamka. Akalichoma na waya wa hanga jichoni, akalikandika na kisu chenyewe, likaanguka tena. Akakitupa TENA. Mama wa Kariakoo hatupi hata kisu cha vitunguu kilichoisha makali, wewe unakitupa cha kukuokoa? Daktari aliyekuwa akilitibu anakuja kulimiminia risasi sita, linadondoka kutoka ghorofani, wanachungulia chini: halipo. Ndiyo maana likarudi sehemu ya pili. Limelelewa.

Damu nayo ina wataalamu wake. Wanabishana ya Hollywood na ya kwetu wakati zote ni sukari. Hitchcock, kwenye Psycho ya mwaka 1960, binti anapochomwa kisu bafuni alitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa picha haikuwa na rangi na chokoleti ilikaa vizuri kwenye weusi na weupe. Mlio wa kisu ukawa ni kisu kinachomwa tikiti. Damu ya rangi ni shughuli. Vikombe viwili vya sukari, kimoja cha maji, matone machache ya limau ili isigande kuwa chembe, chemsha mpaka ining'inie kwenye kijiko kama asali. Ikipoa, vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, kisha kijiko kimoja cha kakao iliyokorogwa pembeni na maji. Kakao ndiyo siri: bila hiyo mwanga unapita katikati na marehemu anaonekana kamwagiwa juisi ya rozela. Jaribuni kwanza kwenye kitambaa cheupe. Na maiti akilala zaidi ya nusu saa, wekeni mtu wa kufukuza sisimizi. Lingine: damu ikikauka inakuwa ya kahawia. Muvi ambayo shati la juzi bado linang'aa wekundu, hapo lalamikeni, niko upande wenu.

Hata hao wakubwa mambo huwaharibikia. Kwenye Friday the 13th ya 1980, mwigizaji Kevin Bacon yuko chini ya kitanda, kichwa kakichomoza kwenye tundu la godoro, shingo na kifua ni vya mpira, mshale unachomoza kooni. Mpira wa kusukumia damu ukachomoka kwenye pampu. Msaidizi akaudaka na kuupuliza kwa mdomo. Damu ikatoka kwa mapovu na mirukio, na mpaka leo watu wanaisifu kwa ukweli wake. Na tukiwa hapo hapo: muuaji wa hiyo ya kwanza si Jason, ni mama yake. Kinyago cha hoki kilikuja sehemu ya tatu, 1982. Mnaovaa fulana zake mnisikie.

Msiniambie bajeti. Kinyago cha Michael Myers ni sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kilinunuliwa dukani chini ya dola mbili. Wakanyofoa nyusi, wakatanua matundu ya macho, wakakipulizia rangi nyeupe, wakavuruga nywele. Basi. Majani ya kupukutika walipaka rangi, wakayamwaga barabarani, wakipiga picha wanayazoa kwenye mifuko kwenda kuyamwaga mtaa wa pili, maana stori inasema ni Oktoba kule Illinois na wao walikuwa California majira ya machipuko. Waliwapata karibu wote. Mtu wa pwani tu ndiye aliyewashtukia, kwa sababu nyuma ya nyumba inaonekana miti ya jamii ya mnazi. Mtu wa Tanga utamdanganya kwa vyote, si kwa hiyo.

Haya, picha imekwisha, majina yanapanda. Bwana Haitishi kashakunja kanga, anasema afadhali ya komedi. Sawa. Geti halijafungwa, taa ya uani imeungua tangu Jumatatu, na kufuli liko kwenye msumari kule kwenye matofali. Nenda basi.

Mbona unamtuma mtoto?