Bushi ya katani au ya nyuzi za kioo?

Mkonge, ulioanza kulimwa nchini huko Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, Tanga imeuzoea kwa kamba na magunia. Sasa ipo hoja ya kuchanganya katani, yaani nyuzi za mkonge, na resini (plastiki ya maji inayoganda) ya poliesta au epoksi ili kutengeneza bushi, ile pete ambamo shafti huzungukia, badala ya kutumia nyuzi za kioo. Hoja ina nguvu, ila si kila mahali.

Kwa nguvu ya kuvutwa kioo kinashinda kwa mbali, lakini bushi haivutwi, inasuguliwa. Nyuzi ya kioo ikikatika, vipande vyake hubaki katikati na kukwaruza shafti. Shafti ya chuma laini ni ghali kuliko bushi, kwa hiyo ni hasara kulinda bushi kwa kuila shafti. Katani ni laini. Hulika yenyewe na kuiacha shafti.

Ubaya wake ni joto na maji. Plastiki haipitishi joto vizuri, hivyo joto la msuguano hubaki usoni: resini hulegea, na likizidi nyuzi 200 za Selsiasi katani yenyewe huanza kuungua. Maji ndiyo mabaya zaidi. Bushi yenye ukuta wa milimita 5 ikivimba asilimia 2 huongezeka milimita 0.1 kila upande. Nje imebanwa, kwa hiyo huvimbia ndani, na kipenyo cha tundu hupungua 0.2. Ukiwa umeacha mwanya wa 0.15 kwenye shafti ya milimita 25, shafti imeshikwa.

Kulowesha katani kwenye kostiki (soda kali) kabla ya kuichanganya na resini husaidia: gramu 50 kwa lita moja ya maji, saa nne hivi, kisha isuuzwe hadi karatasi ya litmasi isigeuke bluu, na ikaushwe. Kostiki ndiyo imiminwe kwenye maji, si maji kwenye kostiki, na chombo kisiwe cha alumini. Nta huondoka, resini hushika, na nyuzi hazing'oki ovyo. Ukizidisha ukali, nyuzi hudhoofika.

Wanaosifu katani mara nyingi hukosea kwenye kupima. Kwa unyevu wa pwani, kipande kinachosuguliwa kwenye jaribio hunyonya maji, na uzito huo huficha kilicholika. Kikaushwe kwa joto la nyuzi 80 za Selsiasi hadi uzito utulie, kabla na baada ya jaribio. Tuseme kimepoteza gramu 0.024 na msongamano wake ni gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo: hiyo ni milimita 20 za ujazo. Gawanya kwa mzigo wa niutoni 50 mara umbali wa kusuguliwa wa mita 2,000; unapata milimita za ujazo 0.0002 kwa kila niutoni-mita. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha, si gramu tupu.

Kwa gurudumu la mkokoteni au rola ya polepole iliyo pakavu, katani inatosha. Kwa shafti ya boti, zote mbili ziachwe: hapo inafaa bushi ya mpira yenye mifereji, inayopozwa na maji ya bahari yenyewe.