Fizi ikitoka damu, Flagyl sio jibu

Jamani hili suala la fizi kutoka damu watu wanalichukulia poa sana, mtu anapiga mswaki anatema damu anasema aah mswaki mgumu huu, au anaenda duka la dawa anachukua Flagyl, dawa ya kuua bakteria, damu ikipungua kidogo basi keshapona. Mi naona tatizo linaanzia hapa, wengi tunaamini bakteria ndio wanaotafuna fizi moja kwa moja, kumbe sehemu kubwa ya ubomoaji inafanywa na vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe, yaani protini zinazokatakata vitu mwilini.

Na hili linaonekana kwa macho kwenye hadubini. Wataalamu wanachukua kakipande ka fizi iliyovimba wanakagandisha chapchap, maana kakiingia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, vimeng'enya vingi vinapoteza nguvu na utabaki kuangalia maumbo tu. Kanakatwa vipande vyembamba mno, kisha vinafunikwa na jelatini (protini inayotokana na kolajeni, zile nyuzi za nyama) iliyotiwa rangi ya kuwaka nyingi kupita kiasi, yaani rangi imebanana mpaka haiwaki. Kimeng'enya kikiikata ile jelatini rangi inaachiana, na pale pale panawaka kijani! Nyama ya fizi inawaka hasa kule seli nyeupe za damu zilikojazana.

Hizo seli, hasa nyutrofili, zinakuja kupigana na utando wa bakteria uliogandia jino, na ndani zimebeba kolajenesi, yaani kimeng'enya kinachokata kolajeni, hiki kinaitwa MMP-8. Utando usipoondolewa zinaendelea kuimwaga kila siku, na kolajeni ndio inayoshikilia fizi kwenye jino, ikiisha fizi inaachia, mfupa nao unaliwa, jino linaanza kucheza.

Mtafiti Lorne Golub na wenzake kule Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, ndio walioonyesha mwaka 1983 kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo kawaida ni za kuua bakteria, zinapunguza nguvu ya kolajenesi, kazi ambayo haihusiani na kuua bakteria. Ikaja doksisaiklini, mojawapo ya jamii hiyo, ya miligramu 20, dozi ndogo isiyoua bakteria, Marekani wakaipitisha 1998. Ila hata hiyo inatolewa pamoja na kukwangua ugaga, yaani ule utando uliogandia jino ukawa mgumu, peke yake haitoshi.

Kwa hiyo kabla hujameza kitu nenda kwa daktari wa meno ugaga ukwanguliwe, na kama una kisukari usisubiri hata kidogo, maana kwako fizi zinaharibika haraka zaidi.